Kisiki Hakijalala

Jabalini, alasiri

Mwanangu Zaina,

Kabla sijasema lolote, ujue kwamba anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye milima hii ya Usambara ingekuwa majivu matupu, na watu wote kuanzia Mlalo mpaka Kwai wangekuwa wameshateremka Mazinde kuomba kibarua cha kukata mkonge. Sijisifu. Mwenyekiti wa kijiji alinivalisha filimbi shingoni kwa mkono wake, mbele ya watu, akasema Shabani, kuanzia leo macho yako ndiyo macho ya kijiji. Ni kweli kuna wengine watano walivalishwa filimbi siku hiyohiyo, lakini yangu ni ya chuma. Zao ni za plastiki.

Nakuandikia nikiwa hapa juu ya jabali, kwenye zamu yangu ya kulinda moto. Ukiona maandishi yanapanda na kushuka, usidhani ni uzee, ni kwamba naandikia gotini, na kila mistari miwili inanibidi niinue kichwa niangalie kama kuna moshi. Karatasi nimeichana katikati ya daftari lako la hesabu la darasa la sita, kwa hiyo usishangae ukikuta nyuma kuna sehemu na asilimia. Nimezipitia, ulizipata zote. Mimi niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la zamani, ambalo kwa sasa ni kidato cha nne na kitu juu yake.

Vuli haijaja. Hilo unalijua, umeliona mwenyewe. Migomba imelegea masikio, na majani ukiyakanyaga yanalia kama maganda ya karanga. Upepo unapanda kutoka nyikani na vumbi la malori ya barabara ya Same, unafika huku juu bado una joto. Tangazo limebandikwa kila mahali: hakuna kuchoma shamba, hakuna tanuri la mkaa, hakuna kurina asali kwa kienge cha moto. Nami ndiye msimamizi wa hayo yote, kwa maana ya sisi sita wenye filimbi.

Mambo ya safari yako ya kesho ya chuo, sabuni, kandambili, na kwamba usiazimishe ndoo yako bwenini, mama yako anayo, na ameyasema tangu juzi mpaka hata kuku wameyashika. Mimi sitayagusa. Baba yako alipokwenda Tanga na asirudi, mimi na dada yangu tuligawana kazi ya kukulea, na sehemu yangu haikuwa sabuni. Mimi nilikuwa mtu wa hadithi. Sasa barua hii ni hadithi pia, ila unaijua kwa upande mmoja tu, na upande huo si sahihi. Nataka uusome ule mwingine leo hii, kabla hujalala. Nitakupa mkononi baada ya magharibi. Mbele yangu usiisome, kaa nayo chumbani.

Ni hadithi ya ule moto.

Ile unayoijua nimeisimulia labda mara mia. Kwamba moto ulishuka kutoka kwenye mizinga ya Mzee Mdoe, kwa kienge alichokisahau huko msituni akirina asali. Kwamba mimi niliukuta peke yangu, nikavua koti, nikaupiga siku tatu bila kula. Kwamba nyani walipanga mstari nyuma yangu wakiniomba niwapishe, na mkubwa wao akanigusa bega. Kwamba askari wa misitu alipofika alivua kofia. Na mwisho nanyanyua koti, naonyesha tundu la mgongoni lilipolambwa na moto, na watoto wa jirani wanalipitishia kidole. Kama unakumbuka vizuri, kila nikifika kwenye tundu, mama yako huinuka kwenda kuangalia chungu, hata siku ambazo hakuna chungu motoni.

Sasa ukweli wake ni huu, na naomba uusome polepole kama ninavyouandika.

Mwaka ule nao vuli ilichelewa hivihivi. Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai, watu wanalalamika mvua, nikawaambia mvua itanyesha Alhamisi. Wakauliza nimejuaje. Nikasema goti. Nikasema goti hili nimelirithi kwa babu, ambaye wazee wa mvua walikuwa wakimfuata nyumbani kuuliza wapande lini. Wakacheka. Ningeweza kucheka nao yakaisha, lakini mimi nilipochekwa nikaapa, na nilipoapa ikabidi nionyeshe kwamba naamini. Jumanne nikachoma shamba.

Wewe unajua kwa nini tunachoma karibu na mvua na si mapema. Ukichoma mapema, upepo unabeba majivu yote unampelekea mwenye shamba la ng'ambo. Ukichoma leo na mvua ikaja kesho, majivu yanazama kwenye udongo wako. Kwa hiyo mtu akichoma, maana yake anaitangaza mvua. Kijiji kizima kikiuona moshi wako kinajua umesema nini.

Na nilichoma kwa ufundi, hilo usinivue. Niliwasha kutoka juu ya mteremko, saa ile ya jioni upepo unapogeuka kushuka, nikauacha moto utambae chini taratibu kama kobe. Ulifika kwenye mpaka ukafa wenyewe. Kikabaki kisiki kimoja, cha mkulo, ule mti wenye mafuta unaonukia kama dawa ya kuchua. Babu aliukata kabla mimi sijazaliwa. Kilikuwa kinatoa moshi mwembamba kama wa sigara.

Asubuhi yake Mzee Mdoe akapita akienda kwenye mizinga yake. Hakuwa mzee sana wakati ule, ila alikuwa na ule upole wa watu wanaoishi na nyuki. Akasimama. Akainama, akaweka mgongo wa kiganja kwenye udongo, si kwenye kisiki, kwenye udongo wa pembeni, kama mama anavyompima mtoto homa. Akasema:

“Shabani, kisiki hakijalala. Mwagia ndoo mbili, halafu chimba uifuate mizizi.”

Nikamwambia:

“Mzee wangu, nimwage maji leo na mvua iko kesho? Nimfundishe Mungu kazi?”

Akacheka kidogo, akasema haya, akaenda zake.

Ndoo mbili, Zaina. Na chemchemi ilikuwa hatua arobaini kutoka pale. Nimeshazihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu kingine. Si kwamba nilikuwa mvivu, ingawa nilikuwa mvivu. Ni kwamba watu wa kibanda cha chai wangeniona nabeba maji kwenda kuzima kitu ambacho nimesema mvua itakizima.

Alhamisi jua likawaka kama halijawahi kutumika. Sikwenda kwenye chai. Ijumaa upepo ukapanda kutoka nyikani, na moto ukatokea. Haukutokea kisikini. Ulikuwa umetembea ndani ya mzizi siku zote hizo, ukapita chini ya njia, ukaibukia ng'ambo kwenye majani makavu, ukingoni mwa msitu, chini kabisa ya ile miti iliyokuwa inafunika chemchemi. Wanaume kwa wanawake tulipigana nao kwa matawi na udongo tangu mchana mpaka giza, na mimi nilikuwemo, na sikukimbia. Siku tatu ni uongo, nyani ni uongo, kuwemo nilikuwemo. Miti ya chemchemi ikaisha. Na juu yake ikaisha mizinga ya Mzee Mdoe, yote, na nyuki wake ndani.

Ulipoitishwa mkutano wa kijiji, watu wakauliza moto umeanzia wapi. Mmoja akasema juu kule kwenye mizinga kumeungua zaidi. Macho yakamgeukia Mzee Mdoe. Yeye akanigeukia mimi. Alinitazama tu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, tangulia wewe. Na mimi nikasimama, nimevaa koti. Nilisimama nikiwa na nia ya kusema, na Mungu ndiye shahidi wangu kwa hilo. Lakini kuna mtu akaniuliza jambo lingine, nikalijibu, jibu likawa tamu, watu wakaguna, nikaongeza. Basi nikajikuta nasimulia jinsi nilivyoukabili moto, na moto kwenye hadithi lazima utoke mahali. Mdomo wangu ukasema ulikuwa unashuka kutoka mizingani. Hakuna aliyenituma. Hadithi ilihitaji mahali, nami nikaipa mizinga yake.

Mzee Mdoe akaambiwa asikanyage tena msituni na kienge. Akasema, “Nimesikia,” akachukua fimbo yake akaenda. Tangu hapo anachonga mipini ya majembe, kama unavyomjua.

Ningeweza kukaa na hilo. Mtu anakaa na mengi. Ila chemchemi bila miti ilianza kudondoka tone kwa tone, kisha ikawa inatoa tope, na ninyi watoto mkaanza kuteremka bondeni kuteka maji mtoni. Siku uliyoteleza na dumu la lita tano ukapasua kidevu kwenye jiwe, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka zahanati. Damu yako iliingia shingoni kwangu. Hukulia. Ulikuwa unauliza maswali, kama kawaida yako. Tulipofika kwenye kile kipandio kikali ukaniuliza:

“Mjomba, nani alichoma miti ya maji?”

Nikasema, “Mzee Mdoe.”

Kule mkutanoni sikumtaja mtu jina. Nilimtaja kwako, na ulikuwa na miaka saba, na kidevu kimefungwa kwa khanga ya mama yako.

Tangu siku ile hukumpa shikamoo tena. Mwanzoni nilidhani utasahau, watoto husahau. Mama yako alikuchapa, akasema hakuna mtoto wa nyumba hii atakayempita mtu mzima kimya. Ulikubali kuchapwa. Ukimwona anakuja, ulikuwa unavuka njia unatembea upande wa migomba. Wengine wote unawaamkia mpaka wageni, na yeye unampita. Na kila nilipokuona unavuka njia nilijua ni mimi ninayekuvusha.

Halafu ukakua, ukafaulu, ukasimama pale kwenye mahafali yenu ukasema unataka kusomea misitu, ili aliyoyafanya mtu mmoja kwetu yasifanyike kwingine. Mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Niliogopa nikiacha kupiga watu watanitazama.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita. Nilipiga filimbi mchana, unakumbuka, ukauliza kulikoni nikasema nimewafukuza nyoka wawili wakubwa. Hawakuwa nyoka. Niliona moshi chini ya ukingo, mtu alikuwa amechoma mkaa kwa wizi akakimbia. Nilipofika nikakuta kisiki kinafuka. Wa kwanza kuitika filimbi, kabla ya wale wenye filimbi za plastiki, alikuwa Mzee Mdoe, na jembe begani, anahema. Hatukusalimiana sana. Akainama, sasa anainama kwa shida, akaweka mgongo wa kiganja kwenye udongo akasema huyu naye hajalala. Tukachimba. Tulifuata mzizi mmoja mpaka ukapotea chini ya mwamba, tukarudi tukafuata wa pili. Mimi nilikuwa nabeba maji. Nilibeba ndoo tisa, wala hakuna wa kibanda cha chai aliyeniona, na hii si kujisifu.

Tulipokaa kupumzika akasema, bila kunitazama:

“Nasikia binti anakwenda kusomea misitu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Vizuri. Mimi ananipita kama anavyopita mti. Labda huko watamfundisha kusalimia miti.”

Akacheka, nami nikashindwa kucheka. Nikamuuliza kwa nini siku ile mkutanoni hakusema. Akakwangua udongo kwenye jembe lake. Kisha akasema:

“Wewe ulikuwa na mtoto wa dada yako wa kulea. Mimi nilikuwa na nyuki, na walishaungua.”

Ndivyo alivyosema, sijaongeza neno. Unajua mimi naongeza. Hapo sijaongeza.

Leo asubuhi nimemwambia mama yako. Alikuwa anakunja kitenge chako cha bluu. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Nikangoja anitukane, angekuwa na haki. Akasema tu, “Mwambie mwenyewe kabla hajapanda gari. Usingoje umwambie kwa simu.” Akaendelea na viatu.

Basi nimekwambia.

Ninachoogopa si kwamba utanichukia. Hilo nimelipima, nikaona nitaliweza, maana nimewahi kulala na chui pango moja na sikufa. Sawa, hilo la chui tuliache. Ninachoogopa ni kwamba sababu uliyofunga nayo begi lako nilikupa mimi, nayo haikuwa kweli. Usije ukafika huko Arusha chuoni, ukafunua kitabu, ukajiuliza umefuata nini. Miti iliungua, Zaina. Kidevu chako kilipasuka. Chemchemi mpaka leo inatoa nusu ya maji iliyokuwa ikitoa. Hayo hayakuwa hadithi yangu, na hayo ndiyo uyasomee. Ila ukikutana na wa kulaumiwa, na utakutana nao maana hiyo ndiyo kazi yako, jua kwamba mara nyingi anakuwa ni mtu kama mimi. Hakutaka kuchoma chochote. Aliona haya kubeba ndoo mbili.

Mengine watakufundisha walimu, wanazo mashine. Mimi nina hili moja tu, na si langu, ni la Mzee Mdoe: moto ukishazima, usiuamini kwa macho. Weka mgongo wa kiganja, si kiganja chenyewe, maana kiganja cha mtu wa jembe kina sugu na kitakudanganya. Weka pembeni, si katikati. Na ukikuta joto, usiseme mvua itakuja.

Unataka nikwambie kama itakuja? Kila mtu ananiuliza, hata jana mwenyekiti ameniuliza. Sijui. Nimetazama neno hilo hapo kwenye karatasi, nadhani ni mara ya kwanza kuliandika.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, kuna mkutano wa kijiji kuhusu moto. Nimeomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti anadhani nitasimulia ile ya nyani, ameshaanza kutabasamu. Nitasimama niseme ya kisiki. Nilitaka wewe uijue kabla yao.

Na sasa ombi, sina lingine. Kesho gari linapita alfajiri, na kabla ya kufika barabarani utapita mbele ya nyumba ya Mzee Mdoe. Nitakuwa nimeshafika hapo, nimekaa naye kwenye lile gogo lake la kuchongea mipini. Simama kidogo. Mpe shikamoo. Ni miaka mingi na ni neno moja, najua halitoshi, na yeye hatataka litoshe, ataitikia marahaba kama vile ulimwamkia na jana. Ukishindwa kusimama, pita tu, mama yako yuko na wewe na gari halingoji. Nitakupungia mkono. Sitakuwa na hasira, nitajua nani alikufundisha kupita.

Begi lako naona limejaa, lakini juu yake utakuta koti langu. Chukua. Baridi ya huko siijui, ila baridi ya Lushoto koti hili limeipiga miaka ishirini na linaijua kwa jina. Huko watu watakuuliza tundu la mgongoni, maana ni kubwa na linaonekana. Ningependa uwaambie ni moto. Nimekaa hapa muda mrefu nikijaribu kukuachia hilo moja, angalau hilo.

Si moto, mwanangu. Asubuhi ya ule mkutano nilitaka niende nimenyooka kama mtu wa maana, nikaazima pasi ya mkaa ya mama yako. Nikaiweka mgongoni mwa koti, nikaenda mlangoni kujitazama kwenye kioo, nikajitazama sana. Niliposimama mkutanoni mtu wa nyuma yangu akaniuliza, “Shabani, moto umekuunguza mgongo?” Hilo ndilo swali nililolijibu kwanza. Nikasema ndiyo.

Mama yako anajua. Pasi ilikuwa yake, na alisugua kile kitambaa kilichogandia chini yake siku mbili.

Mjomba wako,
Shabani